Siku Komisyo Iliposoma Kaye Yangu

Hii habari naiandika mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya kule bandarini Kalundu, eti nililia, eti nilirukia dirishani, na hayo yote ni uongo, madirisha ya salle ile, ule ukumbi waliposomea, yana nondo, lakini aibu niliipata, tena ya mchana, mbele ya watu wanaonijua kwa jina.

Minye, mimi Papa Neema, sikusoma, shule niliiacha mwaka wa tatu, lakini nusu ya nyumba za Uvira zimesimama juu ya mawe yangu. Nilianza kubeba mawe ya mto Mulongwe kwa kichwa, nikapata pusupusu ya kusukuma kwa mikono, leo niko na malori, kamio tatu (moja haitembei, sawa, lakini ni tatu). Basi Serikali iliposema itajenga hapa kwetu jumba kubwa la mikutano la taifa, na kwamba kazi imegawanywa mafungu, na fungu moja ni mchanga na mawe tu, watu walinitazama, na minye nikajitazama pia. Jumapili iliyofuata, mlangoni mwa kanisa, niliwaambia wote kazi ni yangu, imebaki kusaini. Baada ya kusema vile, nikiikosa ningepita njia gani?

Nikaenda biro, ofisi inayogawa kazi ile. Sekretere, dada mmoja mpole, akanieleza kwamba kila anayeshindania kazi anaweka makaratasi yake ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha zote zinafunguliwa siku moja mbele ya watu, zinasomwa kwa sauti ili muntu asiseme ameibiwa. Hayo niliyaelewa. Kisha akasema, "Na kaye de sharji, Papa, ni lazima iwe ndani, na weye utie sahihi kila ukurasa."

Sasa hapa ndipo. Kaye ni daftari, hata mtoto anajua. Na sharji ni mzigo, kila dereva wa barabara ya Bwegera anasema sharji ya mchele, sharji ya mchanga. Kaye ya mizigo. Na minye kaye ya mizigo niko nayo, dereva wangu Salumu, anayeniita patro, anaandika humo kila safari ili mazutu ya kuendeshea kamio yasimpotee. Nikamwambia dada, "Iko nyumbani, mwaka wa sita sasa."

Akaniangalia. "Wa sita? Lakini tumeitoa Jumatatu."

Nikaona huyu bado mgeni kazini. Alikuwa ananinyooshea tita la makaratasi lenye mihuri, nikatingisha kichwa kama muntu mkubwa, nikamwambia hilo awape watu wa Bukavu waliokuja kushindania kazi, ambao hawana lao, nikatoka.

Nyumbani bibi yangu, mama ya watoto wangu, ambaye ni mwalimu, aliniona natia sahihi kaye ya Salumu ukurasa kwa ukurasa, akauliza ni ya nini. Nikamwambia Serikali iko inaihitaji. Akasema nimletee makaratasi ya biro ayasome, nikamjibu hii ni mambo ya kamio, si ya ubao na chaki. Kaye yenyewe sikuisoma (jina langu naliandika mbio, lakini mwandiko wa Salumu unanichosha macho).

Siku ikafika. Watu wa komisyo mezani, prezida wao katikati na miwani yake, wale wa Bukavu na tai zao, na mbele kabisa Pasta Mugisho, amealikwa kama shahidi wa makanisa. Bahasha ya kwanza ikafunguliwa, kikatoka kitabu kinene chenye mihuri. Ya pili, kitabu kilekile. Ya tatu, kilekile. Nikachanganyikiwa, hawa watu wote wamebeba mizigo ileile, barabara ileile? Nikasema moyoni wamekopiana, leo wataumbuka.

Ikaja yangu. Kaye ya shule, ya bluu, ina doa la mazutu. Prezida akaigeuza mara mbili, akanong'ona na jirani yake, akaniambia kwa heshima, "Papa, nadhani umekosea bahasha. Tunaweza kuiweka pembeni."

Pembeni. Nikaona mmoja wa Bukavu anatabasamu, nikasimama.

"Sikukosea. Iko ya minye, na kila ukurasa nimetia sahihi. Mulisema munasoma kwa sauti. Musome."

Akasoma. "Mawe, Mutarule, kamio moja." Nikageuka kuangalia watu. "Mchanga, Kavimvira, kwa mama wa duka. Nusu kamio. Patro amesema tuseme imejaa."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mchanga, kanisa la Pasta Mugisho. Nusu. Tumeupandisha katikati uonekane mlima, pembe ziko tupu." Prezida akavua miwani, akauliza kama aendelee, na minye kweli sikujua, kumzuia ni kukubali, kumwacha ni kufa. Kutoka nyuma muntu akasema, "Endelea, ya kwangu haijafika."

Salle ikapasuka kwa kicheko. Nikasema ni barabara, barabara inatikisa mchanga unashuka. Yule wa nyuma akauliza kanisa iko hapo karibu na mto unakochotwa mchanga, kamio imetikisika wapi.

Ndipo prezida akanionea huruma, akaeleza kwamba kaye de sharji ni kitabu cha Serikali yenyewe, imeandika humo yote inayodai juu ya lile jumba, mchanga wa namna gani, mawe kiasi gani, siku ngapi, na sharji hapo si mzigo wa kamio, ni masharti. Nikamuuliza, mbele ya wote, kama ni masharti kwa nini hawakuita kaye ya masharti. Hakuna aliyenijibu hadi leo. Kazi ilikwenda Bukavu.

Nje nilimkuta Pasta ananingoja. Nilitamani anikaripie. Akasema polepole, "Papa Neema, ukuta wetu wa nyuma tuliojenga kwa mchanga wako ulipasuka. Tulifunga siku tatu, tukakemea mapepo."

Salumu sikumfukuza, ningemfukuza kwa kosa gani, aliandika nilichosema. Na kutingisha kichwa juu ya neno nisilolijua nimeacha, iwe biro, iwe kanisani, nauliza, wacheke, wakichoka watanieleza, na kila karatasi inapita kwanza mikononi mwa bibi yangu.

Kesho yake nilipeleka kamio ya mchanga kanisani. Nilipanda juu mwenyewe na koleo, nikausukuma mchanga kutoka katikati hadi pembe zote nne, mama wa duka la Kavimvira naye amekuja kuangalia, amekunja mikono. Pasta alipanda kwenye gurudumu, akachungulia pembe moja moja.

"Sasa imejaa," akasema.

Nikamwambia asante, kama vile yeye ndiye aliyeniletea mchanga.