Jaribio la Xavery Juu ya Zizi la Babu

Xavery Akonaay wa Maretadu alichunga ndama utotoni, akasoma mpaka chuo kikuu, na mwaka wa sabini na tano akarudi likizo akiwa mwanafunzi wa kemia na botania mwenye mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi. Aliweza kueleza maana ya jaribio la kisayansi bila kuvuta pumzi katikati. Kijiji cha ujamaa, ambacho hakikuwa na msomi mwingine wa kujivunia, kikampa ardhi.

Alipima kwa kamba vipande viwili vinavyolingana. Kimoja akitie mbolea, kingine asikitie kitu. Ndivyo kitabu kilivyotaka. Cha mbolea alikichagua mwenyewe, kwa kuwa jembe lilizama bila taabu. Lilizama kwa sababu pale ndipo lilipokuwa zizi la babu yake, na samadi ya miaka ilikuwa imelala humo. Hilo kila mtu alilijua, Xavery akiwemo. Wengine walinyamaza wakidhani wasomi wana sababu zao.

Likizo iliyofuata alikuta mahindi ya upande wa mbolea yamempita kimo, ya upande wa pili yanamfika kiunoni. Mkutano ukaitwa: je, wauze maksai wa kijiji, wanunue mbolea ya shamba zima? Mwenyekiti, mzee Hhando, hakutaka papara.

"Una hakika ni mbolea, mwanangu? Maksai wakienda, hatuna kingine cha kulimia."

Hapo Xavery akakumbuka. Akajiona mtoto, miguu imezama kwenye mavi ya ng'ombe, anafukuza ndama pale pale. Kumbukumbu ile ikasimama kidogo, ikangoja kuulizwa, ikaenda zake. Zizi halikuwemo kitabuni. Na watu walikuwa wanamtazama.

"Shikamoo mzee," alisema, ingawa alishamwamkia asubuhi. "Sayansi imeshathibitisha."

Maksai wakauzwa. Msimu ule walilima kwa mikono, wakaishia nusu ya shamba; mbolea ikatiwa, mahindi yakapita kiuno kidogo, yakaona inatosha. Xavery aliandika ripoti kwamba wananchi hawakuzingatia utaalamu. Walimu wake, ambao Maretadu hawakuijua hata kwa ramani, wakampa alama nzuri.

Alipokuja tena, Hhando hakumwita msomi. Alimkabidhi jembe, akamwambia achague pa kuanzia kama wenzake. Xavery akaenda moja kwa moja mpaka kwenye zizi la babu, akaanza kulima. Udongo wa pale ni laini. Hilo alilijua siku zote.