Maziwa ya Paka Wetu

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea. Leo nimesikia harufu ya maziwa yakichemka, nikamkumbuka paka wetu mdogo kule Lushoto. Aliharisha kila siku, hadi mama akasema, "Akichafua tena, namtupa porini!"

Kila mmoja wetu aliyetoka shamba la ujamaa alimwonea huruma, akampa maziwa ya ng'ombe kwa siri. Bibi akatugundua. "Kumbe ninyi na maziwa yenu ndio ugonjwa wake! Mpeni maji na dagaa wa kuchemsha."

Asubuhi moja mama akaita kutoka uani, "Njooni muone, kigumu!" Tukakimbia wote, tukapiga vigelegele kuzunguka kinyesi cha paka. Mama akacheka. "Haya, abaki."

Na wenu mliwaponyaje? Niandikieni.