Z Tatu za Mvule

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na wino ikinipata popote, mimi hurudi Musoma, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yangu Nyamisi. Humo ndimo ulimokuwa mtambo wake wa kuchapa, ukilia kacha-kacha kila alipoukanyaga kwa mguu. Alichapa kadi za harusi, tiketi za dansi na matangazo ya mikutano, herufi akizipanga moja moja kwa mkono. "Wino haumngoji mvivu," alizoea kusema, na chai yake aliinywa akiwa amesimama.

Nilikuwa na miaka tisa, na shuleni nilikuwa kichekesho. Niliandika kwa mkono wa kushoto, na Z zangu zote zilitazama nyuma. Wenzangu waliniimbia "Nyangeta kinyume!" mpaka nikaacha kabisa kuandika mbele za watu.

Zilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, na hata mabibi walikwenda darasani jioni. Siku moja akaja Mama Wankuru, kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Butiama, vumbi limemfika magotini. Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi. Jumamosi wageni wangekuja kuona watu wazima wakisoma, na kijiji kilitaka tangazo kubwa la kuwapokea. Wanawake wanne walikuwa wameliandika wenyewe, kila mmoja neno lake: WAZEE WAZAZI TUMEWEZA KARIBUNI.

Shangazi akahesabu kwa kidole, akajikuna kichwa. Herufi zake kubwa zilitoka Uingereza, na Z ilikuwamo moja tu. Neno Uingereza lenyewe lingeimaliza. Hapa zilitakiwa nne.

"Mama, tukiandika 'sote tunasoma' si yale yale?"

"Si yale yale, binti yangu. La kwanza nimeandika mimi. La pili ni la mke mwenzangu. Ukiyatoa, nitamwambia nini?"

Shangazi akajaribu kuilaza N ubavu, akachapa. Mama Wankuru akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiyo si Z," akasema. "Hiyo ni N imelala."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwaka uliotangulia mama huyu alikuwa akitia sahihi kwa dole gumba, na leo anamkosoa mchapaji! Akamwahidi kwamba Z zitapatikana.

Kesho yake tulikwenda Makoko kwa fundi wa mitumbwi, akatupa vipande vya mvule. Shangazi akachonga Z ya kwanza taratibu, akaipaka wino, akachapa. Ikatoka inatazama nyuma, kama zangu.

"Lo! Nimesahau kwamba herufi ya kuchapia huchongwa kinyume, ndipo itoke sawa." Akanipa kisu. "Wewe si unaandikaga kinyume? Haya, chonga Z yako ya shuleni."

"Itachekwa."

"Na nani? Hapa tupo mimi, wewe na mtambo."

Nikashika kisu kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, nikachonga mpaka adhuhuri. Shangazi akaipaka wino, akakanyaga. Karatasi ilipotoka, Z yangu ilikuwa imesimama vizuri, inatazama mbele. Nilipiga kelele hata jirani akaja kuuliza kuna nini. Ya pili na ya tatu nilizichonga huku nikiimba.

Jumamosi tulipanda lori mpaka kijijini. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa darasa, na Mama Wankuru akaweka kidole juu ya neno lake, akawasomea wageni kwa sauti: "Wa-ze-e!" Vigelegele vikapasuka. Shangazi akanisukuma mbele. "Z hizo kachonga huyu!" Wanawake wakaninyanyua juu juu, na kutoka huko niliiona herufi yangu ikisomwa na kijiji kizima.

Jumatatu nilinyoosha mkono darasani niandike ubaoni. Z ikatoka kinyume. Nikaifuta, nikaigeuza, wala sikulia.

Nilikuwa mtu mzima, nikiuendesha mtambo ule mwenyewe, ndipo nilipong'amua jambo. Mtu aliyepanga herufi kinyume miaka yote ile hawezi kusahau zinavyochongwa. Nilimwendea shangazi, siku hizo amezeeka, akiota jua barazani.

"Shangazi, ile Z ya kwanza uliiharibu makusudi?"

"Mbao zenyewe zilikuwa chache," akanijibu. "Ningeiharibuje?"

Lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.