Meli Iliyokuja Kunichukua

Baba yangu aliamini kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wapagazi, na kwamba Mganda anayejiheshimu hakihitaji. Basi haya nayaandika kwa Kiswahili, na sijutii.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa Kampala, mwanafunzi wa ualimu kwenye chuo cha masista huko Kashozi, safari ya lori kutoka mjini Bukoba. Mwingereza alitawala Uganda na Tanganyika zote mbili, lakini kwa watu wa nyumbani nilikuwa nimekwenda ugenini kabisa. Sista mmoja aliyenifundisha nikiwa mdogo alihamishiwa huku, akaniombea nafasi. Kosa langu lilikuwa mahali. Pale Kampala siku zile, ukitaja mwanamke wa Bukoba watu walitazamana wakacheka, kwa sababu walikuwapo wanawake waliovuka ziwa kuja kupanga vyumba kwetu, na riziki yao kila mtu alidai kuijua. Majirani wakaanza kumwuliza baba binti yake amefuata nini huko wanakotoka hao. Baba hakuwa na jibu, na mtu mzima akikosa jibu hukasirika.

Likizo ya Pasaka ya mwaka wangu wa pili, akaja rafiki yangu. Tulikulia ua mmoja, tukapokea komunyo ya kwanza siku moja. Meli ilimshusha Jumatatu, ikaendelea na safari yake ya Mwanza. Ingerudi Ijumaa kumchukua. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa masista ili nimtembeze. Alishuka gatini amevaa busuti, gauni letu refu la Kiganda, ya hariri ya zambarau, mshipi umefungwa fundo kubwa, ameinua pindo kwa vidole viwili lisiguse vumbi. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akaniuliza mji wenyewe uko wapi.

Nikamwambia ameshaukanyaga. Nilimpitisha mbele ya maduka ya Wahindi, nikamwonyesha boma, soko, na maghala ambako magunia ya kahawa yalipangwa hadi darini. Kila kitu alikipima kwa Kampala, na kila kitu kikapungua. Ziwa je? Alisema nalo ni lile lile la kwetu, ila huku limekaa upande usiofaa. Hapo nilicheka kwa kweli, maana rafiki yangu alikuwa na ulimi, na nilikuwa nimeukosa ulimi ule kwa mwaka mzima na zaidi.

Katika mtaa wa Bilele nilimwingiza kwa mama mmoja Mwislamu, asili yake pwani, aliyeshona sare za chuo chetu. Ndiye aliyenitoa kwenye Kiswahili cha kuamrisha nilichojifunzia barabarani, akanipa cha kuamkia watu. Alitutandikia mkeka, akatuletea chai na chapati, akamkaribisha mgeni wangu kwa heshima zote. Mgeni wangu akajibu kwa Kiganda huku anatazama dari. Niliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, lakini mbele ya mama nikavumilia. Nilimtafsiria maneno mazuri sana ambayo rafiki yangu hakuyasema.

Tulipotoka nje nikamgeukia. Kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye akaanza. Alisema hakuja kutembea. Baba alikuwa amemtuma anipandishe meli ya Ijumaa. Mwalimu fulani wa parokia yetu alikuwa ameniposa, na harusi ingewafunga majirani midomo. Nikikataa, basi yeye akaseme kila alichokiona, na baba angenifuta, asihesabu tena kwamba ana binti Bukoba. Alisema hayo machozi yakimlengalenga, kwa sababu alinipenda na aliona ananiokoa. Nilijua baba hatishii bure.

"Basi tazama vizuri," nilimwambia, "usije ukasahau kitu."

Jumatano tukapanda lori la mizigo kwenda Muleba, nyumbani kwa msichana niliyesoma naye darasa moja. Mvua ilitunyea njiani, lori likazama kwenye tope, abiria wote tukashuka kusukuma. Rafiki yangu alisimama kando kwa muda, mpaka dereva alipomwuliza kama yeye ni mzigo. Akasukuma. Gurudumu likazunguka na kummwagia tope tangu kifuani hadi miguuni, na hariri ya zambarau ikawa rangi ya barabara. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Mama wa mwenzangu alikuwa mjane mwenye shamba la migomba na mibuni, Mkatoliki wa kufunga rozari shingoni. Aliitwaa ile busuti akaifua kwa mikono yake, akampa mgeni kanga mbili za kujistiri. Tukatafuna punje za kahawa za kumkaribisha mgeni kutoka kwenye kikapu kidogo, kisha ikaja sufuria ya ebitoke, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Kwetu ndizi hufungwa kwenye majani, zikaiva kwa mvuke, zikapondwa. Rafiki yangu akanong'ona kwa Kiganda, akiniuliza kama watu hawa wamekosa majani. Alisahau kwamba Kiganda na Kihaya ni ndugu. Mama yule akamjibu polepole kwa Kihaya kwamba majani yapo tele shambani, akitaka aende akakate. Rafiki yangu aliinamisha uso, akala sahani mbili.

Baada ya kula, mama akaleta katekisimu yake kama alivyofanya kila nilipofika. Kila likizo nilimfundisha kusoma. Siku ile, kidole chini ya herufi, jasho puani, alisoma mstari mzima bila mimi kumsaidia, akarudia tangu mwanzo ili ahakikishe haukuwa bahati. Binti yake akapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, nikijua siendi popote Ijumaa, hata baba anifute mara ngapi. Rafiki yangu alinifuata akasimama karibu nami.

Ijumaa busuti ilikuwa bado mbichi, na tope halikuwa limetoka lote. Ikakunjwa ndani ya mkeka aliozawadiwa Muleba, na rafiki yangu akashuka gatini na kanga zake, mkeka kichwani na kikapu cha kahawa mkononi. Pale kwenye lango la kuingilia melini palikuwa na karani wa machifu wa huko, kazi yake ni kuwarudisha wanawake wa Bukoba wasiende Uganda. Alimtazama rafiki yangu mara moja tu, akamwuliza barua ya mumewe au baba yake iko wapi.

Rafiki yangu akamweleza kwa Kiganda, haraka haraka, kwamba yeye anarudi kwao. Karani hakuinua hata kichwa.

"Wote wakifika hapa huwa Waganda," alisema.

Akamwonyesha tiketi, karani akasema tiketi hununuliwa na yeyote. Akamwambia akae pembeni na wale wengine wawili waliokwisha kukataliwa. Nilimwona rafiki yangu, aliyekuja kunitoa miongoni mwa wanawake wa Bukoba, amekaa chini katikati yao, na mmoja wao anamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

Nikaenda mbele. Nilisema kwa Kihaya, kwa sauti ya kusikika foleni nzima:

"Bwana karani, huyu mwanamume aliyepita sasa hivi, umemwomba barua ya mkewe?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia: Mganda, mwanafunzi wa Kashozi, na yule ni mgeni wangu. Kihaya changu kilikuwa na lafudhi ya kwetu, na nadhani hiyo ndiyo iliyomfanya ainue kichwa. Akasema sawa, nimdhamini. Niandike kwenye daftari lake kwamba ninamjua, nami nisipande meli yoyote mpaka aandike barua Uganda na jibu litoke kwamba kweli mgeni wangu ni mtu wa huko. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa kuliko alivyohitaji. Kwa wale wawili niliomba pia. Akakataa, na bado inaniuma.

Rafiki yangu alinishika mkono. "Sasa nimwambie nini baba yako?"

"Mwambie ulihitaji mtu anayejulikana Bukoba akusemee, na mtu huyo alikuwa mimi."

Akajitwika mkeka wake akapanda.

Wiki kadhaa baadaye karani akatuma ujumbe chuoni: jibu limefika, sasa naruhusiwa kusafiri. Nilimrudishia ujumbe kwamba sina safari.