Gurudumu la Fundi

Harufu ya gundi ya pancha hunitia aibu mpaka leo. Tukitoka shule, vumbi jekundu la Karatu miguuni, tulimpita fundi baiskeli aliyepooza mguu mmoja. Badala ya kumpa shikamoo, tulichechemea mbele yake. Mimi ndiye niliyemwigiza vizuri kuliko wote.

Siku moja akaniita peke yangu. "Njoo uone, mwanangu."

Alifunga kamba upande mmoja wa ekseli, ule mhimili wa chuma katikati ya gurudumu, akalizungusha kwa nguvu, akaliachia lining'inie kwenye kamba aliyoishika. Halikulala. Lilibaki wima hewani, kama halina uzito.

"Likizunguka, halianguki," alisema.

"Shikamoo, fundi," ikanitoka.

"Marahaba!" Alifurahi mno.

Wenzangu walikuwa wananisubiri barabarani, wakitutazama. Nikachechemea hadi kwao. Nyuma yangu, gurudumu lilikuwa bado linavuma.