Mama Aligonga Tukicheza Ludo

Kuna siku moja naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho, mwanangu. Weka hiyo simu chini kidogo. Sikunyang'anyi, nitakurudishia. Tangu asubuhi nawasikia wewe na binamu zako mkicheza na kupigiana kelele humo sebuleni, "Kufa! Kufa sasa!", nami nacheka peke yangu, maana nilikuwa hivyo hivyo. Tena mimi nilikuwa mbaya zaidi.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo, hapa hapa Bukavu. Papa, baba yetu, alikuwa amekwama safarini Minova, barabara imefungwa. Nyumbani tulibaki watatu: Maman, mimi wa miaka kumi na saba, na mdogo wangu Furaha. Mabomba yalikuwa yamekauka, basi Maman akawa anashuka ziwani mwenyewe na bidoni yake kuteka maji. Sisi wasichana alitukataza kutoka, na wewe ni mkubwa, unaelewa kwa nini. Lango tulilifunga kwa mnyororo kutoka ndani. Kuita jina ilikuwa mwiko, askari wasije wakajua mle ndani kuna nani. Alama yetu ilikuwa kugonga: mara mbili, kunyamaza, halafu mara moja. Kazi yetu sisi ilikuwa kusikiliza tu.

Kazi ndogo hiyo, eti? Ikatushinda.

Tulikuwa tumekaa kwenye couloir, pale katikati ya nyumba pasipo na dirisha, ambapo kila familia ya mji huu ilitandika magodoro siku zile. Tukatoa ludo. Sasa Furaha, Mungu amsamehe, alikuwa mwizi wa mchezo. Ukipepesa jicho tu, kete yake imesogea nyumba mbili. Macho yangu yakaganda kwenye vidole vyake, na yake kwenye vyangu. Alikuwa amenila kete mbili na moyo ulikuwa unaniwaka. Risasi zilipoanza kulia upande wa Nyawera, tuliinamisha vichwa tu, tukaendelea. Ungenichoma sindano nisingesikia.

Mwishowe nikapata sita, kete yangu ya mwisho ikaingia nyumbani. Nikaruka: "Nimekushinda! Nimekushinda!" Furaha akanuna, akanyamaza. Na katika ule ukimya wake ndipo nikasikia. Mara mbili. Kimya. Mara moja. Kugonga kwenyewe kulikuwa kudogo sana, mwanangu, kama mtu anayegonga akiwa amekata tamaa.

Nilikimbia. Maman alikuwa amelala kifudifudi kwenye mfereji mbele ya lango, shavu kwenye matope, mkono mmoja umeinuka kwenye bati lake. Bidoni ilikuwa imetobolewa na risasi. Tukamvuta ndani. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechunika, inatoka damu.

"Maman, umegonga tangu saa ngapi?"

"Tangu risasi ya kwanza."

Alipofika couloir akauona ule ubao wa ludo. Akautazama kidogo, akaniuliza, "Nani ameshinda?"

"Ni mimi, Maman."

"Aya. Ni muzuri." Akatafuta maji ya kuosha mkono. Hayakuwepo.

Afadhali angenipiga. Nililia siku ile mpaka kichwa kikauma.

Kesho yake nilichukua ludo niitupe kwenye mbabula, jiko letu la makaa, iungue. Maman akaninyang'anya kwa mkono wake uliofungwa kitambaa. "Muchezo haina kosa. Mukae hapa." Akatupangia sheria yake. "Rangi mbili ni zenu wote wawili. Hizi zingine mbili ni za mugeni mwenye hayuko. Mutamutupia dadu. Mugeni akiwatangulia, mumeshindwa wote. Na mwenye hana dadu, ni yeye anasikiliza mulango."

Tukaona ni mchezo wa kitoto. Lakini tulipocheza nikashangaa. Sikuwa tena na haja ya kuchunga vidole vya Furaha, maana angemwibia nani? Macho yangu yakatembea ubao mzima. Tukawa tunaulizana, "Nani angali inje?", na yule asiye na dadu anatega sikio. Sikudanganyi, mara ya kwanza tulibishana juu ya kete moja hadi tukasahau wote, kila mmoja akidhani mwenzake anasikiliza. Maman alikuwa ameketi pale pale. Akagonga sakafu, hakuna aliyeinuka. "Mumeona? Sasa mimi ningekuwa wapi?" Hatukurudia tena.

Aliposhuka ziwani tena, dadu ilikuwa mkononi mwa Furaha. Nikasikia mara mbili, na kabla ya ile ya tatu nilikuwa nimeshika mnyororo. Maman akaingia na bidoni imejaa. Akanishika shavu kwa kiganja chake chenye maji.

Basi, mwanangu, sikukatazi kushindana. Kushindana kunakupa jicho kali, lakini jicho lile linamwona mmoja tu, yule unayetaka kumshinda. Kucheza pamoja kunakufungua macho, ila usimwachie mwenzako kazi yote ya kusikia. Utakapoanza mchezo wowote, wa simu, wa shule, wa kazi, uliza kwanza nani wa nyumbani kwenu angali inje, kisha mpatane nani anamsikiliza.

Chukua simu yako. Mungu akupe ushindi unaoweza kumwambia mama yako bila kuinamisha kichwa. Na siku wewe ndiye utakuwa inje, risasi au mvua, akuwekee ndani mtu atakayekusikia ukigonga mara ya kwanza.