Malkia Mwenye Mchi

Du. Du. Du. Mchi wa bibi ukiponda makopa ya mihogo, nyuma ya nyumba yetu Newala. Siku hizi niko Masasi najifunza ushonaji, lakini nikisikia mtu anatwanga bado nakaa sawa, kama niko mbele ya serikali.

Na serikali ilikuwa pale. Kwetu posa huamuliwa na mjomba, akiwa barazani na wanaume wenzake. Wanawake hawahusiki kabisa, wao watwange. Ila bibi, mama yake mjomba, akiridhika na maneno ya barazani alitwanga, asiporidhika aliacha. Kimya kikiingia, mjomba, mtu mpole asiyeweza hata kufukuza kuku, alikohoa na kusema, "Jambo hili tulitazame upya." Watu waliondoka wakisifu busara zake.

Juzi mteja alisahau kwa fundi wangu kitabu kuhusu wake wa wafalme wa Bizanti, kule Konstantinopoli. Mmoja alitawala kwa niaba ya mwanawe, mfalme mtukufu ambaye meno yalikuwa bado yanamng'oka. Mwingine, binti wa mtunza dubu, mumewe alipotaka kukimbia ghasia za mjini, alimwambia nenda, mimi nabaki. Mfalme shujaa akabaki. Mwandishi anashangaa wanawake hao walipata wapi nguvu. Maskini, hajafika Newala.

Ilipofika posa yangu, mchumba alikuwa na mikorosho mingi Nanganga. Mimi nilitaka cherehani. Bibi alinituliza: "Nitaacha kutwanga, mjukuu wangu. Utaona mjomba wako atakavyopata akili."

Wageni wakiwa wameshakaa, jirani yetu akashikwa na uchungu wa kuzaa. Bibi akaitwa kwa mlango wa nyuma, akanitupia mchi ili ugali usichelewe. Nikatwanga, mtoto mwenye adabu.

"Binti huyu anasifika kwa kazi," alisema baba wa mchumba.

"Sana," alijibu mjomba kwa furaha. Alikuwa ameupa mgongo ua, na huko kulitwangwa vizuri mno. "Basi, kwa upande wetu, mimi naona..."

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa najiozesha mwenyewe, tena kwa nguvu zote.

Nikautoa mchi kinuni, nikaulaza chini taratibu, nikafuta unga mikononi kwa khanga.